Kinamasi kimegoma: kutafuta kosa pale majitaka yanapotoka kama yalivyoingia

Ukisikia kinamasi cha mji "kimechoka" kusafisha majitaka, usikubali haraka. Uliza kwanza maji yanapita wapi. Mara nyingi mafunjo hayana kosa, udongo hauna kosa na bakteria wamo tele, ila maji yamejipatia njia ya mkato na yanakwenda ziwani bila kugusana na chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo hapa tunaanza na maji. Mimea itakuja baadaye, ingawa wengi wetu tukifika ukingoni macho hukimbilia majani ya njano.

Haya yameandikwa kwa ajili ya fundi wa mamlaka ya maji, mhudumu wa mabwawa au afisa mazingira wa manispaa ambaye maji yake, baada ya kupita mabwawani au mtamboni, humalizikia kwenye kinamasi cha asili. Mwenye kitalu cha changarawe cha kusafishia majitaka, kilichojengwa chuoni au hospitalini, atapata ya kumfaa pia, lakini matatizo yake ya kuziba changarawe hayamo humu.

Mfano nitakaourudia ni Nakivubo, Kampala. Kinamasi hiki cha takriban kilomita 5 za mraba kiko kati ya mji na Ghuba ya Ndani ya Murchison katika Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi kimepokea mfereji wa Nakivubo wenye maji ya mvua, maji ya viwandani na uchafu wa vitongoji visivyo na mabomba ya majitaka, pamoja na maji yanayotoka kwenye mtambo wa kusafisha majitaka wa Bugolobi. Kilomita chache tu kutoka pale kinapomwaga, upande wa Ggaba, ndipo mji unapochota maji ya kunywa. Mwaka 1999 wachumi waliikadiria kazi ya usafishaji inayofanywa na kinamasi kile kuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Dalili nyingi za hapa chini zina mfano wake pale.

Kabla ya dalili yoyote: majibu ya maabara yanapanda na kushuka bila mpangilio

Hili linasumbua kuliko yote, na mara nyingi si tatizo la kinamasi. Ni sampuli.

Chukua mfano. Kiangazi, kinamasi kinapokea mita za ujazo 2,000 kwa siku zenye BOD ya miligramu 90 kwa lita (BOD ni oksijeni ambayo vijidudu wanaihitaji kula uchafu ule kwa siku 5). Zidisha, gawanya kwa 1,000: kilo 180 za uchafu kwa siku. Masika inafika, maji ya barabarani yanajiunga, mtiririko unapanda hadi mita za ujazo 9,000, na maabara inaandika miligramu 35. Ofisini watu wanafurahi, maana kiwango cha Uganda cha mwaka 1999 kilikuwa 50. Fanya hesabu ileile: kilo 315. Maji yameonekana safi zaidi siku ambayo ziwa limepokea uchafu karibu mara mbili. Jibu la maabara lisilo na kipimo cha mtiririko wa saa ileile halikuambii kitu, na bila hilo kila utambuzi unaofuata ni wa kubahatisha.

Mengine ni ya mkono. Simama ukiangalia maji yanakotoka, chota mbele yako, usichote tope ulilolivuruga kwa buti. Palipo na mkeka wa mafunjo unaoelea, maji unayoyataka yako chini ya mkeka: pitisha bomba jembamba hadi chini, vuta kwa pampu ya mkono, mwaga ya kwanza, chukua yanayofuata. Weka kwenye barafu, yafike maabara siku hiyohiyo. Na chota sehemu tatu angalau: yanapoingia, katikati, yanapotoka. Sehemu ya katikati ndiyo watu huiruka kwa sababu haifikiki bila kulowa, na ndiyo inayotoa siri.

Dalili: yanayotoka yanafanana na yaliyoingia, harufu na rangi

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa.

Anza na hesabu ya muda. Kinamasi cha hekta 4 chenye maji ya kina cha nusu mita kina mita za ujazo 20,000. Ukiingiza 2,000 kwa siku, maji yangekaa siku 10. Mashina, mizizi na tope vinachukua nafasi yake, basi tuseme siku 7 au 8. Huo ni muda wa kutosha kabisa kwa uchafu kutuama na kuliwa. Swali ni je, maji yako kweli yanakaa siku hizo?

Tumia chumvi. Mfuko mmoja wa kilo 50, ya kawaida ya dukani, uyeyushe kwanza kwenye mapipa (ukiimwaga nzito inazama na kulala chini), kisha umwage pale maji yanapoingia. Upande wa kutokea, mtu akae na kifaa cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, asome kila dakika 15. Kipimo kikiruka juu ghafla baada ya saa mbili tatu na kushuka tena, una mfereji ndani ya kinamasi, hata kama kwa macho unaona mafunjo tu. Na kipimo kisipotikisika kabisa, usidhani jaribio limeharibika: kilo 50 zikitawanyika ndani ya mita za ujazo 20,000 hazionekani. Hiyo ndiyo habari njema unayoitafuta.

Mfereji ukiwa wazi, hata chumvi haihitajiki. Dondosha machungwa matano, pima hatua 20 kwenye ukingo, hesabu sekunde. Chungwa linazama karibu lote, upepo haulisukumi, na rangi yake haipotei kwenye maji meusi. Yakipita kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, hakuna usafishaji unaofanyika hapo.

Mfereji umetoka wapi? Kwanza tazama bomba la kuingizia. Likimwaga sehemu moja, maji yatachimba palepale kila siku mpaka yafike upande wa pili. Pili, kalavati. Reli ya kwenda Port Bell inakata Nakivubo vipande viwili, na maji yote ya upande wa juu lazima yabanwe kwenye matundu ya chini ya tuta kabla ya kutawanyika tena. Maji yakishabanwa hivyo hayapendi kutawanyika. Tatu, na hii ndiyo kubwa kwa miji yetu, mitaro ya wakulima. Sehemu ya juu ya Nakivubo iligeuzwa kwa kiasi kikubwa kuwa mashamba ya magimbi. Gimbi linapenda unyevu, ila mkulima hataki shamba lizame, kwa hiyo anachimba mtaro upande huu na mwingine upande ule, na mitaro mia ya wakulima mia ikiungana inakuwa bomba moja kubwa lisilo na jina kwenye ramani yoyote.

Kuna na sababu ya nne, ambayo haionekani kwa kutembea juu. Mafunjo mengi ya ukanda wa ziwa hayajashika ardhi. Yanaelea kama mkeka, na majitaka yanapita chini yake. Usafishaji unategemea ni kiasi gani maji yale yanapanda na kugusana na mizizi. Watafiti waliopima Nakivubo miaka ya 1990 walikuta mkeka wa mafunjo umelegea, maji yanapenya na kuchanganyika, wakati sehemu za nyasi za Miscanthidium zina mkeka mzito ulioshikana, maji yanapita chini kama chini ya sakafu. Sehemu mbili za kinamasi kimoja, zote kijani, ufanisi tofauti. Ndiyo maana siamini tathmini inayofanywa kwa picha ya angani peke yake.

Tiba. Badala ya bomba moja, tandaza bomba lenye matundu kukatiza upana wa kinamasi, au mtaro wa kina kimoja unaofurika pole kwa urefu wake wote. Kwenye mifereji weka viroba vya mchanga kukatiza mkondo, kila hatua kadhaa, vya kimo cha kutosha ili maji yapande na kumwagikia pembeni badala ya kuviruka. Anza juu ukishuka chini. Usizibe kabisa, maji ya mvua yatatafuta njia nyingine, na hiyo inaweza kuwa nyumba ya mtu.

Kabla ya kuziba mtaro hata mmoja, ongea na mwenye shamba. Ukiziba mchana bila kuongea, usiku jembe litapita na asubuhi utakuta viroba vyako vimegeuzwa daraja. Mkulima yule hana ugomvi na wewe, anaokoa magimbi yake. Mara nyingi mnaweza kukubaliana kuwa mitaro ielekee kukatiza mteremko badala ya kushuka nao: shamba lake linabaki na tuta, na maji yako yanazunguka.

Dalili: maji meusi, harufu ya yai viza

Mzigo wa uchafu umezidi oksijeni iliyopo. Kinamasi ni hatua ya mwisho. Kikipewa kazi ya hatua ya kwanza kinaoza. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2000 kwa ardhioevu zilizojengwa inataja kilo 60 za BOD kwa hekta kwa siku kama kikomo, ukitaka maji yatoke na miligramu 30, ambacho ndicho kiwango cha Kenya na Tanzania. Kinamasi cha asili, ambacho hukukichora wewe na hujui maji yanavyotawanyika, kipe kidogo zaidi. Mfano wetu wa kiangazi ulikuwa kilo 180 kwa hekta 4, yaani 45. Unabeba, lakini hauna nafasi ya mgeni.

Mgeni mwenyewe ni nani? Panda juu ukatazame mabwawa. Bwawa la kwanza, lile refu kwenda chini, linatakiwa kuzolewa tope linapofika karibu theluthi moja ya ujazo wake. Waulize lilizolewa lini, na wakikaa kimya umeshapata jibu. Bwawa la pili likiacha ukijani na kuwa la waridi au zambarau, bakteria wa salfa wameshika usukani: limezidiwa, na yaliyolizidi yanakuja kwako. Angalia pia mawe na mashina pale maji yanapoingia kinamasini. Nyuzinyuzi nyeupe zinazoyumba na maji ni bakteria wanaokula salfaidi, na zinakwambia tatizo lilianza kabla ya kinamasi.

Halafu magari ya kunyonya majitaka. Tope la chooni lina nguvu mara nyingi kuliko majitaka ya mabomba, na gari moja likimwaga kwenye mfereji saa 11 alfajiri linaweza kuharibu hesabu yako ya siku nzima. Kama BOD ya kuingia inaruka siku fulani za wiki tu, usitafute ugonjwa kwenye mimea.

Tahadhari moja. Gesi yenye harufu ile ya yai viza ikiwa nyingi pua inaizoea, harufu "inaisha", na hapo ndipo inapoua. Asiingie mtu kwenye chemba wala shimo la kalavati kwa sababu eti harufu imepungua.

Dalili: BOD imeshuka vizuri, amonia haishuki, au inatoka nyingi kuliko iliyoingia

Watu hudhani maabara imekosea. Haijakosea. Naitrojeni iliyofichwa ndani ya kinyesi na mabaki ya mimea inapooza hutoa amonia mpya, na kuigeuza amonia kuwa naitreti kunataka oksijeni nyingi: karibu gramu 4.6 kwa kila gramu ya naitrojeni. Chini ya mkeka wa mafunjo oksijeni hiyo haipo. Kinamasi kizito ni hodari sana wa kuondoa naitreti, lakini kwa amonia ni mvivu.

Omba maabara ipime amonia, naitreti na naitrojeni yote kwa pamoja. Amonia juu na naitreti sifuri, shida ni oksijeni: kazi ya kugeuza ifanyike kabla, kwenye mabwawa ya mwisho yenye kina kifupi na jua, au fungua ndani ya kinamasi vipande vya maji ya wazi, visivyo na mimea, vikikatiza mkondo. Kukata mafunjo yote ili "hewa iingie" ni dawa mbaya kuliko maradhi.

Dalili: fosforasi ilishuka miaka ya mwanzo, sasa haishuki

Kwa fosforasi neno "kuchoka" lina ukweli wake. Haigeuki gesi ikaondoka. Inashikwa na chuma na alumini ya udongoni, inalala kwenye tope, kiasi kidogo kinaingia kwenye mimea, na ghala likijaa limejaa. Huko Florida, ardhioevu ya Orlando Easterly iliyoanza kazi mwaka 1987 ilibidi izolewe tope la chini kwenye baadhi ya vitalu vyake baada ya takriban miaka 15, kwa sababu hiyohiyo.

Wapo wanaosema vuna mafunjo, suka mikeka, tatizo limekwisha. Tufanye hesabu. Mita za ujazo 2,000 zenye miligramu 5 za fosforasi ni kilo 10 kwa siku, kilo 3,650 kwa mwaka, zaidi ya 900 kwa kila hekta. Sasa vuna tani 30 za mafunjo makavu kwa hekta, mavuno ya kujivunia, na tuseme asilimia 0.2 ni fosforasi: kilo 60. Umepunguza senti kwenye deni la shilingi. Vuna kwa ajili ya mikeka na kuezekea, ni jambo jema, lakini usiliandike kwenye ripoti kama tiba. Tiba ni eneo kubwa zaidi kwa mzigo uleule, au kuondoa fosforasi mtamboni kabla.

Kuna mtego mwingine: ukifanikiwa kurudisha maji kwenye shamba la zamani lililokuwa limekaushwa, fosforasi ya mbolea na ya udongo uliokuwa mkavu itafunguka, kwa sababu chuma kikikosa oksijeni huachia ilichokishika. Miezi ya kwanza matokeo yatakuwa mabaya. Waambie wakubwa mapema, kabla hawajaiona namba.

Dalili: mafunjo yanakuwa njano, yanakufa, au mimea mingine inatawala

Njano kwenye vipande, hasa karibu na mfereji wa kiwanda: pima chumvi na tindikali. Njano kila mahali baada ya ukataji: yamekatwa mara nyingi mno, vigogo vya chini vimeishiwa akiba. Mara moja kwa mwaka, kwa zamu, kitalu kwa kitalu, inatosha. Yaliyochomwa moto hurudi, ila mkeka ukikauka na wenyewe kushika moto hutapata mwingine hivi karibuni. Maji yaliyopanda nusu mita kwa ghafla yataua mafunjo yaliyoshika ardhi na hayatayagusa yanayoelea.

Kutawaliwa na mmea mwingine si lazima kuwe ugonjwa. Houghton Lake, Michigan, walianza kumwaga majitaka yaliyotibiwa kwenye kinamasi cha asili mwaka 1978. Ndani ya miaka michache Typha, ule mmea mrefu wenye kichwa cha kahawia, ulikuwa umeyafukuza manyasi na vichaka vya asili katika eneo lililopokea maji. Usafishaji uliendelea vizuri kwa miongo. Kilichopotea ni kinamasi kilivyokuwa, na hiyo ni bei ambayo mji unapaswa kuijua kabla haujafungua bomba, hasa kama kuna ndege au samaki wanaotegemewa pale.

Dalili: wananchi wanalalamika mbu

Kamata viluwiluwi kwanza, ujue ni wa nani. Mbu wa aina ya Culex anapenda maji machafu yaliyotulia, na wingi wake unaonyesha uchafu uliozidi: rudi kwenye dalili ya yai viza. Anopheles gambiae wa malaria anapenda vidimbwi vidogo vyenye jua, na hivyo havipatikani ndani ya mafunjo mazito. Viko kwenye matuta, nyayo za ng'ombe na mitaro ya pembezoni. Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, mbu hao walikutwa wengi zaidi kando ya vinamasi vilivyolimwa kuliko vile vilivyobaki na mafunjo yake. Kwa hiyo anayependekeza kinamasi kikaushwe ili malaria iishe, mpe hilo. Usilete samaki wageni wa kula mbu. Watakula na vingine.

Dalili: bakteria wa kinyesi wanaongezeka njiani

Hesabu ya bakteria katikati iko chini, ya pale maji yanapotoka iko juu? Tafuta vyoo vya ukingoni vinavyofurika masika, na mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Ndege pia huchangia. Usimwage klorini kinamasini.

Dalili: magimbi yanaonekana mazuri, lakini kuna minong'ono ya sumu

Minong'ono hii ichukue kwa uzito. Metali kama risasi, kadimiamu na kromiamu haziozi. Kinamasi kinazizuia zisifike ziwani, maana yake zinabaki kwenye tope ambalo mkulima analipanda. Zao kustawi si ushahidi wa chochote. Naitrojeni ya majitaka hustawisha kila kitu.

Peleka maabara tope la shimo la gimbi, gimbi lenyewe likiwa limemenywa na likiwa na ganda, na majani, kwa sababu majani nayo yanaliwa. Usitangaze lolote sokoni kabla ya majibu, maana familia zinaishi kwa mashamba hayo. Wakati unasubiri, fuata mfereji mkuu kuelekea juu wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, na chota tope kwenye kila mfereji mdogo unaojiunga nao, hatua kadhaa juu ya makutano. Tope hutunza kumbukumbu hata kama kiwanda kinafungulia maji yake usiku wa manane. Pale ambapo namba zinaruka kati ya mdomo mmoja na unaofuata, fuata mfereji ule hadi kwenye ukuta unakotokea, ukiwa na afisa mazingira mwenye mamlaka ya kisheria ya kuingia, mkagonge geti.